Barua ya wazi kwa Gavana na Waziri wa Fedha: tuambieni amana zetu zimelala wapi

Kwa Dkt. Kamau Thugge, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya,
Kwa Mheshimiwa John Mbadi, Waziri wa Fedha,
Na kwa wakuu wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Mombasa. Sitawachosha na utangulizi mrefu. Katika miaka kumi hivi iliyopita benki zetu zimebadilika sana, na takriban kila badiliko limezidi kusukuma pesa za wenye amana upande mmoja, upande wa Serikali. Hatari ambayo zamani ilitawanyika kwa wafanyabiashara wengi wadogo kwa wakubwa, leo imerundikana kwa mkopaji mmoja. Bei ya hisa, bei ya bondi, bei ya ploti, hata ile faida ya mfuko wa soko la fedha ambamo mama mboga anaweka mia mbili mia tatu kwa simu, vyote vinamtazama mkopaji huyo. Mwenye amana mwenyewe hana habari.

Nilikuwa afisa wa mikopo katika benki moja hapa Pwani. Siku hizi ni mweka hazina wa chama cha akiba. Nimewahi kuwanyima watu mikopo, na baadaye nami nikanyimwa, kwa sababu zile zile nilizokuwa nikiwapa wengine.

Chukueni faili moja tu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kongowea anataka milioni nne aongeze mabati na saruji. Analeta hatimiliki ya ploti yake ya Mtwapa, stetimenti za benki na za simu, leseni ya kaunti, cheti cha kodi. Afisa atalazimika kwenda dukani kuhesabu bidhaa kwa macho yake. Mthamini atalipwa kuikagua ploti. Mwanasheria atapekua rejista ya ardhi na kusajili rehani. Mteja akishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi inataka apewe notisi ya siku 90, kisha nyingine ya siku 40, kisha dalali naye atoe yake ya siku 45, na kabla nyundo ya mnada haijagonga huenda mahakama ikatoa amri ya kusimamisha kila kitu. Sheria hiyo siilaumu, maana imewaokoa watu wengi wasiporwe mashamba. Nataka tu muone uzito wa faili lile mezani.

Sasa wekeni kando yake zabuni ya Alhamisi. Kila wiki Benki Kuu huuza hati za Hazina za muda mfupi, na anayezinunua anakuwa ameikopesha Serikali. Karani wa benki anajaza kiasi, anabonyeza, basi. Ploti haikaguliwi, dalali hatafutwi.

Fanyeni hesabu ya 2024, wakati hati za siku 91 zilipokuwa zinalipa karibu asilimia 16. Benki ina milioni 100 za wenye amana. Ikiwakopesha kina mwenye duka kwa asilimia 19, inatarajia milioni 19 kwa mwaka. Tuseme kumi katika hizo mia hazilipwi. Riba ya hizo kumi imepotea, zinabaki milioni 17.1. Benki italazimika pia kutenga sehemu ya pesa zilizokwama kama hasara. Tuseme nusu, yaani milioni tano. Umebaki na 12.1, na hujamlipa afisa, hujalipa kodi ya tawi. Hizo hizo mia zikienda kwa Hazina zinarudisha milioni 16. Na kumi kwa mia ni makadirio ya mtu mwenye matumaini, kwa sababu takwimu zenu wenyewe zilionyesha Juni 2025 mikopo isiyolipika ilikuwa imefika asilimia 17.6.

Juu ya hayo ipo kanuni ya mtaji. Benki inapomkopesha mfanyabiashara inatakiwa iwe na mtaji wake yenyewe wa kubeba hatari hiyo. Inapoikopesha Serikali kwa shilingi, uzito wa hatari unahesabiwa kuwa sifuri, yaani haitakiwi kuweka mtaji wowote kwa ajili yake. Sifuri kamili! Kwa hiyo meneja akikataa faili la Kongowea, msimwite mchoyo. Amesoma kanuni na kuzifuata.

Tulishaona 2016 jinsi mambo haya yanavyofungamana. Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti riba, Rais Uhuru Kenyatta akaitia sahihi Agosti, ikaanza kazi tarehe 14 Septemba. Riba ya mkopo isizidi pointi nne juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu, yaani karibu asilimia 14 wakati huo. Wananchi tulishangilia, na kwa kweli riba za awali zilikuwa zinaumiza. Kabla hata wino haujakauka, hisa za benki kwenye Soko la Hisa la Nairobi ziliporomoka, kwa sababu wenye hisa walijua faida itaminywa. Lakini kilichokuja baadaye ndicho kibaya zaidi. Benki iliyoruhusiwa kumtoza kila mtu asilimia 14 haikuona sababu ya kumpa mwenye biashara changa aliyestahili 18. Ikampa aliyestahili 12, na kilichobaki ikanunua karatasi za Serikali. Mwaka 2017 ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ulishuka chini ya asilimia tatu. Waliofungiwa mlango wa benki wakakimbilia mikopo ya simu, ya wiki moja au mwezi mmoja, ambayo ukiipigia hesabu ya mwaka mzima utashika kichwa.

Sheria ile ilifutwa Novemba 2019. Siombi irudi, na nawasihi msikubali irudi kwa mlango wa nyuma kila wanasiasa wanapotafuta makofi. Hata hivyo kufutwa kwake hakukuzirudisha benki zilikokuwa. Mazoea yalikuwa yameshajengeka. Hadi leo benki zinashikilia karibu asilimia 45 ya deni la ndani la Serikali, na mifuko ya pensheni zaidi ya robo. Ukijumlisha na kampuni za bima, unakuta deni la ndani liko mikononi mwa taasisi zinazotunza pesa za watu wale wale. Mwalimu wa shule ya msingi ana amana benki, pensheni katika mfuko, bima ya maisha, na labda akiba kidogo katika mfuko wa soko la fedha. Anadhani ametawanya mali yake sehemu nne, kumbe zote zinaishia kwa mkopaji mmoja.

Kisha 2023 na 2024 zikafika. Shilingi ilikuwa imeanguka hadi 160 na zaidi kwa dola, na Yurobondi, yaani deni tulilokopa kwenye masoko ya nje, la dola bilioni mbili, ilikuwa inaiva Juni 2024, kila mtu akijiuliza itafikaje kulipwa. Februari 2024 Benki Kuu ikapandisha kiwango chake hadi asilimia 13, na mwezi huo huo ikauza bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu, isiyotozwa kodi, kwa riba ya asilimia 18.46. Serikali iliomba bilioni 70. Watu wakaleta zaidi ya bilioni 288, nayo ikachukua karibu bilioni 241.

Nakiri kazi ile ilituokoa. Shilingi ilirudi hadi 130 hivi na imetulia hapo. Lakini tazameni soko lilivyofanya kwingine. Nani angenunua hisa, au ploti ya Kilifi, ikiwa Serikali inampa asilimia 18 bila kodi akiwa amelala? Soko la hisa lilikuwa limepoteza zaidi ya robo ya thamani yake mwaka 2023. Madalali wa ardhi ninaowafahamu hapa walikaa miezi bila kuandika mkataba. Kufikia mwisho wa 2024 mikopo kwa sekta binafsi haikuwa tena inakua polepole, ilikuwa inapungua kabisa.

Nanyi mlipoanza kushusha kiwango Agosti 2024, hatua kwa hatua hadi asilimia 9 Desemba 2025, kila kitu kikageuka. Hati za siku 91 zikateremka chini ya asilimia 8. Pesa zikatoka huko zikatafuta pa kwenda. Hisa zilipanda kwa zaidi ya theluthi moja mwaka 2024, zikaendelea kupanda 2025, na benki zilikuwa miongoni mwa zilizong'aa. Mifuko ya soko la fedha na mingine ya uwekezaji wa pamoja ilipita shilingi bilioni 500. Hapa chamani wanachama walianza kuniuliza kwa nini tusitoe akiba yote tukanunue hisa za benki, "maana zinapanda tu". Niliwauliza zinapanda kwa sababu benki inakopesha zaidi, au kwa sababu bondi ilizozishika zimepata thamani? Sikupata jibu. Hata mimi nilikwenda kulitafuta kwenye taarifa za robo mwaka, nikaona zinaniishia njiani.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii, kwa hiyo niruhusuni nipachimbe.

Bei ya bondi na riba ya soko hukimbizana kinyume. Tuseme benki ilinunua bondi ya shilingi milioni moja yenye riba ya asilimia 12, na bado ina miaka kumi mbele yake. Riba ya soko ikipanda hadi asilimia 18, hakuna mtu atakayekupa milioni moja kwa karatasi hiyo. Ukipiga hesabu utaona inafaa kuuzwa kwa takriban 730,000. Shilingi 270,000 zimeyeyuka katika kila milioni. Ukisubiri miaka yote kumi utalipwa milioni yako kamili, hilo ni kweli. Ila ukilazimika kuuza leo, hasara ni yako leo.

Kanuni za uhasibu zinairuhusu benki iseme, "hii naishikilia hadi iive," na kuiandika kwa gharama ya kununulia. Kwenye taarifa inayochapishwa gazetini unaona kiasi cha dhamana za Serikali, yaani hati na bondi zake, zilizo katika kundi hilo. Huoni bei yake ya leo. Huoni imebakiza miaka mingapi. Ripoti ya mwaka ina maelezo hayo, nayo ina kurasa mia mbili kwa Kiingereza cha wahasibu, na huja wakati mambo yameshapita.

Machi 2023 Silicon Valley Bank ya Marekani ilikufa kwa ugonjwa huo huo. Haikuwa imewakopesha matapeli. Ilikuwa imenunua dhamana za muda mrefu, nyingi zikiwa za Serikali ya Marekani au zenye udhamini wake, ambazo kanuni ziliziita salama. Riba zilipopanda, dhamana hizo zikapoteza bei. Benki ikauza za dola bilioni 21 kwa hasara ya bilioni 1.8, wenye amana wakashtuka, na tarehe 9 Machi wakajaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Kesho yake ikafungwa. Hawakupanga hata foleni. Walitumia simu zao. Sisi ambao taifa zima linahamisha pesa kwa simu tujiulize tungechukua saa ngapi.

Mtaniambia benki zetu ni imara, zina mtaji na ukwasi kupita viwango vilivyowekwa. Kwa jumla naamini. Lakini wastani haujawahi kuwa na akaunti benki. Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank zilianguka kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 huku wastani wa sekta ukiwa mzuri tu. Na Imperial ilitufundisha jinsi hatari ya benki inavyovuka uzio na kuingia kwenye soko la mitaji. Ilikuwa imekusanya shilingi bilioni mbili kwa bondi yake yenyewe, bondi iliyoidhinishwa na wasimamizi, na iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyoshindwa, tarehe 13 Oktoba 2015, siku ile ile bondi hiyo ilipokuwa ianze kuuzwa kwenye Soko la Hisa. Chase nayo ilikuwa imekusanya bilioni 4.8 kwa njia hiyo mwaka huo huo. Wenye amana wa Chase hatimaye walipata sehemu kubwa ya pesa zao kupitia benki ya SBM ya Mauritius. Walioshika bondi waliachwa wakitazama. Toka hapo soko la bondi za kampuni lilidhoofika kwa miaka mingi, na kampuni iliyotaka mtaji wa miaka saba ikabaki na chaguo la benki, benki ambayo nayo ilikuwa imeshageukia Hazina. Udanganyifu wa watu wachache ulifunga mlango wa soko zima, na hadi leo tunalipia.

Ghana inatuonyesha sura nyingine. Desemba 2022 Serikali yao ilitangaza kubadilisha bondi zake za ndani kwa nyingine za muda mrefu zaidi na riba ndogo. Benki, zilizokuwa zimejaza makabati kwa karatasi hizo, zilipata hasara kubwa, na ikabidi uundwe mfuko maalumu, ukisaidiwa na Benki ya Dunia, wa kuziinua tena. Februari 2023 wastaafu waliokuwa na bondi binafsi walikwenda kuketi nje ya Wizara ya Fedha jijini Accra wakiwa na mabango. Miongoni mwao alikuwa Sophia Akuffo, Jaji Mkuu mstaafu wa nchi hiyo. Kama aliyewahi kuongoza mahakama zote za nchi alilazimika kubeba bango ili alipwe, mwalimu wetu wa shule ya msingi atafanya nini?

Kenya si Ghana, najua. S&P ilitupandisha daraja la uwezo wa kulipa madeni Agosti 2025. Lakini Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani na Mswada wa Fedha kuondolewa, Moody's, kampuni nyingine inayopima uwezo huo, iliishusha Serikali hadi Caa1, daraja la hatari kubwa, na mwezi huo huo ikazishusha pia KCB, Equity na Co-operative. Benki hizo hazikuwa zimekosea lolote wiki ile. Zilishushwa kwa sababu ya zilichokishika. Kwa hiyo mnapoandika sifuri kwenye uzito wa hatari, kuna watu nje ya mipaka yetu ambao hawaisomi kuwa sifuri.

Tena mzigo huu hauishii Nairobi. KCB iliinunua Trust Merchant Bank ya Lubumbashi Desemba 2022. Equity ndiyo mwenye benki ya BCDC kule Kongo. Zote mbili ziko Kampala, Kigali na Dar es Salaam. Goma ilipoanguka Januari 2025, benki zikafunga milango na watu wa huko wakakosa pesa taslimu. Hatari ya vita ikaingia kwenye vitabu vinavyojumlishwa Nairobi. Na mpasuko ukianzia Nairobi, muuza vitenge wa Lubumbashi atausikia bila kuwa na kura wala sauti katika bajeti yetu.

Sasa mmeanzisha mabadiliko mengine mawili, na haya ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

La kwanza ni mtaji. Sheria ya Desemba 2024 inataka kila benki iwe na mtaji wa msingi wa bilioni 3 kufikia mwisho wa 2025, bilioni 5 mwaka unaofuata, kisha 6, kisha 8, hadi bilioni 10 mwisho wa 2029. Awali ilikuwa bilioni moja. Lengo nalikubali, benki yenye kifua kidogo haifai kubeba amana za watu. Lakini benki ndogo itazipata wapi bilioni tisa kwa miaka mitano? Italeta wenye hisa wapya, au itajiuza, au itabana faida yake yote isigawe. Anayebana faida hatafuti mteja mgeni wa Kongowea, anatafuta pato lisilo na kelele. Mnajua liko wapi. Wanaojiuza nao wana kasoro yao. Benki mbili zikiungana, faili za wateja wadogo ndizo hupotea kwanza. Afisa aliyemjua mwenye duka kwa jina anahamishwa au anapunguzwa, na mkopo uliokuwa unatolewa kwa kumfahamu mtu unaamuliwa na mashine iliyoko makao makuu. Wenye hisa hupenda miungano hii na soko huipandishia bei. Sijaona taarifa ya miungano iliyosema ni wateja wangapi wadogo walikatiwa mikopo mwaka uliofuata.

La pili ni fomula mpya ya riba. Kuanzia 2025 mikopo mipya yenye riba inayobadilika imefungwa kwenye KESONIA, kiwango kinachotokana na benki zinavyokopeshana zenyewe usiku mmoja, kisha benki inaongeza gharama yake na hatari ya mteja. Hili nalisifu bila kinyongo. Angalau mtu ataona tarakimu inatoka wapi, na mkishusha kiwango atakuwa na haki ya kuuliza mbona chake hakijashuka. Ila sehemu ile ya pili, ya hatari ya mteja, bado imefichwa. Mwanachama wetu mmoja aliomba aelezwe kwa maandishi kwa nini yeye ameongezewa pointi nyingi kuliko jirani yake wa biashara ile ile. Aliambiwa ni siri ya benki. Tarakimu inayopanga bei ya mkopo wangu haiwezi kuwa siri kwangu.

Mabadiliko haya yote yana nia njema. Lakini yanapangwa kila moja katika ofisi yake: mtaji kwa msimamizi wa benki, bondi kwa msimamizi wa deni, mifuko kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, pensheni kwingine kabisa. Mtumbwi mmoja, na kila baharia anapakia shehena bila kumtazama mwenzake. Ndiyo maana nimewaandikia pamoja.

Ninayoyaomba hayahitaji Bunge.

Dkt. Thugge, benki huchapisha taarifa kila robo mwaka katika jedwali ambalo ofisi yako ndiyo iliyoliandaa. Agiza iongezwe mistari miwili: bei ya soko ya dhamana za Serikali zinazoshikiliwa hadi ziive, na wastani wa miaka iliyobaki. Kila benki inazo tarakimu hizo, maana inawaletea wakaguzi wenu. Ripoti yenu ya uthabiti wa sekta ya fedha hutoa kwa jumla matokeo ya majaribio ya mshtuko, yaani hesabu ya jinsi benki zingestahimili mambo yakiharibika. Yatoeni kwa makundi, kubwa, za kati na ndogo, na mseme ni benki ngapi zingepungukiwa na mtaji riba ikipanda pointi tano. Kama mnaogopa majina yatazua hofu, msitaje majina. Na uzito wa sifuri uangaliwe upya, polepole. Naelewa kuwa mkiugusa ghafla Hazina itakosa wanunuzi Alhamisi inayofuata. Basi anzeni na kikomo: benki ikipita sehemu fulani ya mali zake katika dhamana za Serikali, ziada ndiyo ihesabiwe uzito.

Mheshimiwa Mbadi, wewe ndiye mkopaji. Mlifungua mlango kwa mwananchi wa kawaida, kwanza kwa M-Akiba, bondi ya kununuliwa kwa simu, mwaka 2017 ambapo shilingi 3,000 zilitosha, kisha Benki Kuu ikaleta DhowCSD, mfumo wa kununulia dhamana za Serikali mtandaoni, mwaka 2023, na leo mtu ananunua bondi akiwa kwenye matatu. Vizuri sana. Sasa mwambieni pia kwamba bei yake inaweza kushuka. Katika maelezo ya bondi wekeni hesabu kama ile ya 730,000 niliyoiweka hapo juu, kwa Kiswahili, ili anayenunua ya miaka 25 ajue kinachomngoja akiugua mwaka wa tatu na kuhitaji pesa. Kuhusu bima ya amana, kikomo cha shilingi 500,000 kimekaa tangu Julai 2020 na bei ya kila kitu imepanda. Chama kama chetu kinaweka zaidi ya hapo katika akaunti moja, nacho huhesabiwa kama mteja mmoja ingawa nyuma yake kuna wanawake wengi wenye akiba ndogo ndogo. Liangalieni hilo.

Kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji: mifuko ya soko la fedha inatangaza faida ya kila siku kwa herufi kubwa. Iagizwe iandike kando yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, ni kiasi gani kiko kwa Serikali, kiasi gani katika amana za benki, na benki zipi. Mnunuzi wa unga hupewa kujua kilichomo kwenye pakiti.

Najua kuna watakaosema maneno haya yanaweza kutia watu wasiwasi na kuwafanya wakimbilie benki kutoa pesa. Siku Imperial ilipofungwa nilikuwa kaunta ya benki yetu, jirani yao, na niliwaona wateja wetu wakija kuuliza kama nasi tuko salama. Tuliagizwa tuwaambie tu wasijali. Hawakuridhika na jibu hilo, na wengi walitoa pesa zao siku hiyo hiyo. Wachache ambao meneja wetu aliwakalisha chini, akawaonyesha taarifa mstari kwa mstari, walikunywa chai wakaziacha zilipokuwa.

Taarifa za robo ya kwanza huchapishwa kufikia mwisho wa Mei. Muda wa kuongeza mistari miwili bado upo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mweka hazina wa chama cha akiba,
Mombasa